Sensa ya joto la oili ya giaboksi otomatiki kwenye pikapu: ifungwe wapi?

Mkuu, umeuliza sensa ya joto ifungwe wapi kwenye pikapu ya otomatiki inayovuta trela. Kwa kifupi, ifunge kwenye sampu (bakuli la oili lililo chini ya giaboksi), ubavuni, chini ya usawa wa oili. Ila elewa kwanza kwa nini, maana oili ile ile ina joto tofauti sehemu tatu kwa wakati mmoja, na watu wengi hubishana kuhusu namba bila kuulizana sensa imekaa wapi.

Oili hupashwa moto zaidi ndani ya konveta (kifaa kinachopitisha nguvu ya injini kwenda giaboksi kwa kutumia oili), hasa unapopanda mlima polepole na klachi ya konveta haijajifunga, yaani konveta bado inateleza. Inatoka humo ikiwa kwenye kilele cha joto, inapita paipu ya kwenda kwenye kipozeo, inarudi imepoa, inalainisha giaboksi, kisha inadondokea kwenye sampu. Oili ya sampu ndiyo ambayo pampu inaivuta upya kulisha klachi na valvu bodi (sehemu yenye njia na valvu zinazoelekeza oili), kwa hiyo joto lake ndilo linaloamua oili itadumu muda gani.

Kabla ya kushika drili, chomeka kifaa cha OBD2 (cha kusoma kompyuta ya gari) uangalie kama gari linatoa joto la oili ya giaboksi. Giaboksi nyingi zinazoongozwa na kompyuta zina sensa ya kiwandani ndani. Kama namba inasomeka na inabadilika vizuri, kazi imeisha hapo, hakuna haja ya kutoboa kitu.

Kama haisomeki, shusha sampu. Usitoboe ikiwa bado imefungwa kwenye gari, chembe za chuma zitaishia kwenye valvu bodi. Bati la sampu ni jembamba mno kushika hesi (mizunguko ya skrubu), kwa hiyo unachomelea kitako cha chuma chenye hesi ya ndani, mara nyingi 1/8 NPT (kipimo cha Kimarekani cha hesi za paipu). Kuchagua mahali ndiyo kazi yenyewe. Sensa isiguse filta wala valvu bodi, isielekee ekzosi, isigongane na fremu, na isiwe sehemu ya chini kabisa ambako jiwe la kwanza litaikata. Bandika plastisini upande wa ndani mahali ulipochagua, rudisha sampu kwa bolti chache, shusha tena upime unene uliobaki. Kama plastisini imebanwa ikabaki fupi kuliko ncha ya sensa ukiongeza milimita 10, tafuta kona nyingine.

Wakati wa kuchomelea, toa gasketi na sumaku, osha oili yote, na ifunge sampu kwa bolti kwenye bamba nene lililonyooka. Moto hupinda ukingo, na ukingo uliopinda utavuja hata ukibadilisha gasketi mara tano. Ikipoa, mimina mafuta ya taa ndani uiache nusu saa. Penye tundu dogo patalowa nje. Kiungo cha nati na washa za shaba bila kuchomelea kinawezekana, lakini bati linapotikisika nati hulegea. Mimi sikipendi. Sampu za aluminiamu ya kusubu ni rahisi zaidi, nyingi zina sehemu nene iliyoachwa kwa kazi hiyo.

Sehemu ya pili ni paipu inayotoka giaboksi kwenda kwenye kipozeo. Hapa unaona joto la konveta papo hapo: ukipanda mlima sindano ya geji (saa ya kuonyesha joto) inapanda ndani ya dakika, konveta ikijifunga inashuka. Kwa anayevuta mzigo mzito ni onyo la mapema, mradi asitishike na namba. Kutambua paipu hiyo, washa injini ikiwa baridi kabisa, shika zote mbili. Inayoanza kupata joto ndiyo ya kutoka. Tumia kiungo cha T chenye tundu pana sawa na paipu, ncha ya sensa iingie kwenye mkondo bila kuuziba. Kifunge T kwenye mwili kwa klipu, vinginevyo uzito wake ukitikisika utapasua paipu. Kama unaunga kwa hozi, iwe ya oili ya giaboksi, si ya petroli.

Paipu ya kurudi inakuambia kipozeo kinafanya kazi kiasi gani, basi. Giaboksi inaweza kuwa inaungua huku geji inacheka.

Kuna pia tundu la kupimia presha ubavuni mwa giaboksi. Linavutia kwa kuwa hutoboi kitu, ila oili haizunguki vizuri mle, kwa hiyo sensa huchelewa, na presha kwenye rivasi inaweza kuzidi bar 15. Sensa ya maji ya rejeta isiwekwe hapo. Angalia pia hesi: giaboksi nyingi za Marekani ni NPT yenye hesi 27 kwa inchi, za Japani mara nyingi ni hesi 28. Zinaingiliana mizunguko michache kisha zinakaza. Ukilazimisha, umeua hesi ya aluminiamu.

Namba za sampu, kwa nyuzi za Selsiasi: 75 hadi 95 ni kawaida. Ikigusa 105 na mzigo, punguza mwendo au ushushe gia ili konveta isiteleze. Ikifika 120, simama, weka N (gia huru), injini iendelee kuunguruma ili oili izunguke kwenye kipozeo. Kwenye paipu ya kutoka, 120 ya muda mfupi mlimani si ajabu. Ikikaribia 150, simama.

Umeme wake: sensa ya waya mmoja hupata arthi (njia ya umeme kurudi kwenye chasisi) kupitia mwili wake. Ukiizungushia tepu ya tefloni nene, au ukiiweka kwenye T iliyoshikwa na hozi pande zote mbili, arthi inakatika. Tumia gundi ya kuziba hesi, acha hesi mbili za mwanzo wazi, na kwenye T ya hozi ongeza waya wa arthi. Geji ipate umeme wa swichi kupitia fyuzi ndogo, na iwe imetengenezwa kwa sensa hiyo hiyo, kwa sababu ukinzani hutofautiana kati ya watengenezaji.

Sensa nyingi hizi hupunguza ukinzani zinapopata joto. Kwa hiyo sindano iliyolala chini muda wote ni waya uliokatika au arthi mbovu. Iliyosimama mwisho wa juu tangu asubuhi injini ikiwa baridi ni waya uliochubuka ukagusa chasisi, kwa kawaida pale ulipopitishwa karibu na ekzosi.