Dada wa akili mnemba anabadilika sura kila picha: nifanyeje, na hela inaingiaje?

Swali: Shikamoo kaka. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro. Nimetengeneza dada wa akili mnemba nikampa jina Neema, nataka aonyeshe mishono ya vitenge nipate chochote cha pembeni. Shida ni kwamba kila picha anatoka na sura nyingine. Laptop yangu ni ya kawaida. Halafu rafiki yangu ananishauri nisiseme kwamba si mtu, eti wanaume watamtumia hela wenyewe. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Nianze na sura, maana bila hiyo hakuna Neema.

Programu ya kuchora haimkumbuki Neema. Kila unapoiagiza huanza na chengachenga zisizo na umbo, ikazisafisha hatua kwa hatua hadi zifanane na maneno yako. Ukiandika "msichana mrembo wa Kitanzania amevaa kitenge" umewataja maelfu, nayo inakuletea yeyote kati yao. Kurundika sifa hakusaidii sana. Dawa ni kuifundisha sura yenyewe kwa njia iitwayo LoRA: faili dogo unaloliongeza kwenye modeli kubwa (ubongo wa programu ya kuchora), lililojifunza kitu kimoja tu.

Chagua picha moja ya Neema uliyoridhika nayo. Isiwe ya binti uliyemwona Instagram; uso wa mtu ni wake. Kwa programu inayopokea picha ya mfano na kuigeuza, mtengeneze akitazama pembeni, akicheka, juani, taa za usiku, mbali, karibu, nguo tofauti, mazingira tofauti. Zichuje bila huruma ubaki na 20 hadi 30. Picha yenye pua ya mtu mwingine itupe hata kama imependeza, kwa sababu modeli itajifunza na pua hiyo.

Kisha kila picha iandikie maelezo, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Eleza yanayobadilika: nguo, mahali, mwanga. Uso usiueleze kabisa. Mahali pake weka neno la kubuni lisilo na maana, kama nmx7. Yale usiyoyaeleza ndiyo modeli itayafunga kwenye neno hilo, na baadaye ukiandika nmx7 anakuja Neema. Nywele nazo ziangalie sana. Modeli hizi hazijui "twende kilioni" ni nini, na mara nyingi huichubua ngozi nyeusi bila kuombwa. Ukiziingiza picha za namna hiyo kwenye mafunzo, utamrithisha Neema kasoro hizo.

Laptop yako inatosha, kwani kazi nzito inafanyika kwingine. Google Colab, huduma ya kutumia kompyuta za Google kupitia mtandao, hukuazima bure, kwa muda wenye kikomo, kadi ya michoro ya T4 yenye kumbukumbu ya GB 16, na modeli za kuchora za ukoo wa Stable Diffusion zinafundishika humo. Tumia msimbo ndani ya daftari lenyewe la Colab, yaani ukurasa wa kuandikia na kuendeshea msimbo. Matumizi ya bure hayaruhusu kuendesha kurasa za kuchorea za kubofya vitufe (web UI). Ukiona Neema anavaa gauni lilelile hata usipomwagiza, mafunzo yamezidi, rudi kwenye faili lililohifadhiwa hatua za nyuma.

Akitakiwa kuongea, Microsoft Azure ina sauti za Kiswahili cha Tanzania, Rehema na Daudi, na za Kenya, Zuri na Rafiki. ElevenLabs, programu nyingine ya sauti, ile ya bure hairuhusiwi kwa biashara, kwa hiyo usiitumie kwenye tangazo la kulipwa.

Sasa ushauri wa rafiki yako. Usiufuate, mwalimu, nakuomba. Mwanaume anayemtumia hela Neema akidhani ni mtu ametapeliwa, na aliyemtapeli ni wewe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaugusa udanganyifu wa namna hiyo. Mitandao nayo ina masharti yake: TikTok ilileta lebo ya akili mnemba 2023, YouTube na Meta zikafuata 2024. Andika kwenye wasifu wake, kwa Kiswahili cha wazi, kwamba Neema ni mhusika wa kutengenezwa, na lebo iweke kila unapopakia.

Kusema ukweli hakufukuzi wateja. Wakala wa The Clueless wa Barcelona walimtengeneza Aitana López wa nywele za pinki, wakasema hadharani kwamba si mtu, na mwaka 2023 mwanzilishi wao Rubén Cruz alieleza kwamba anaingiza wastani wa yuro 3,000 kwa mwezi. Lakini nyuma yake kuna timu inayokaa kila wiki kupanga maisha yake. Wewe uko peke yako, na una madaftari ya kusahihisha.

Kwa hiyo usitegemee malipo ya kutazamwa. Mpango wa TikTok wa kuwazawadia watayarishi haujafunguliwa Tanzania. YouTube, kwa video ndefu, inataka wanaokufuata 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 ndipo upate mgao wa matangazo, na tangu Julai 2025 imesisitiza kwamba video zinazofyatuliwa kwa wingi kwa kiolezo kimoja hazilipwi. AdSense, njia ya Google ya kukulipa mgao huo, nayo hailipi mpaka ufikishe dola 100, na sehemu inayotokana na watazamaji wa Marekani hukatwa kodi ya huko hadi 30%.

Hela iliyo karibu nawe ni ya mwenye duka la vitenge. Mpatane picha kadhaa kwa mwezi, kwa maandishi. Ila hapo pana mtego: akili mnemba hubuni ua lake. Mteja akiona kitenge kwa Neema halafu akaletewa kingine, atamlaumu mwenye duka. Maandishi ya kanga ndiyo huvurugika zaidi. Nenda dukani mchana, tandaza kitenge chenyewe kivulini, kipige picha, kisha uitumie picha hiyo kama mfano wa nguo. Ua likitoka tofauti, rudia. Na kila picha ya Neema ipakie pamoja na ile ya kitenge halisi, mnunuzi alinganishe mwenyewe kabla hajalipa.