Panga, majini na mifuko mitupu: majibu kwa wasomaji

Niliandika hapa karibuni kwamba riwaya za panga na uchawi zinanikesha kuliko za mapenzi. Meseji zikamiminika. Najibu sita.

Shikamoo mzee. Hizo riwaya ni za namna gani? Mume wangu akikuta moja mezani anasema ni vitabu vya watoto. (Mwalimu, Tabora)

Marahaba mwanangu. Ni hadithi ya mtu mwenye upanga, mdomo mkali na mfuko mtupu, katika nchi isiyo kwenye ramani, ambako nyuma ya mlango wowote anaweza kukaa jini. Lakini mwendo wake umerithiwa kutoka riwaya zisizo na uchawi hata chembe. Mpe mumeo hii: mwaka 1844 mwandishi Mfaransa Alexandre Dumas alianza kutoa riwaya ya Les Trois Mousquetaires gazetini Paris, kipande kwa kipande. Kijana wa shamba anafika mjini akitaka kuwa askari wa mfalme. Anampiga mmoja wao kikumbo kwenye bega lenye jeraha. Anajinasa kwenye joho la wa pili na kufichua aibu yake: mkanda wa upanga una dhahabu mbele, nyuma ni ngozi tupu. Kwa wa tatu anaokota leso ambayo mwenyewe hakutaka ionekane. Wote wanataka wapigane naye: saa sita, saa saba, saa nane. Anakubali zote! Kabla ya pigo la kwanza wanatokea walinzi wa Kadinali, mahasimu wa askari wa mfalme, kuwakamata wale watatu, na kijana anajiunga na haohao aliokuja kupigana nao. Ukifika hapo mfungie mumeo kitabu, uone kama hatakuomba ufunguo wa kabati.

Shujaa hafi, tunajua. Sasa utamu uko wapi? (Dereva wa lori, Tunduma)

Nyie madereva mkikutana kwenye chai hamsimulii safari iliyofika salama. Mnasimulia siku gari lilipozima katikati ya Kitonga, na kila mtu anaona kabisa kwamba msimulizi yuko hai. Tunachotaka kujua ni ametokaje. Fritz Leiber, Mmarekani aliyezipa hadithi hizi jina la panga na uchawi mwaka 1961, alikuwa na mashujaa wawili tangu 1939: pande la mtu kutoka nchi za baridi, na mwenzake mfupi mwepesi. Wanaiba vito na bado aghalabu hawana kitu. Njaa ndiyo inawatoa kitandani. Shujaa tajiri ananichosha.

Mwanangu ana miaka 13, hashiki kitabu kingine. Naogopa huo uchawi. Nimnyang'anye? (Mama, Tanga)

Usimnyang'anye, mama. Humo mchawi ndiye anayeshindwa mara nyingi, na shujaa hamwamini hata akimsaidia. Mtu wa mkoa wenu, Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze ana ndugu wawili waliogeuzwa manyani na jini, na ni kitabu cha maadili kupindukia. Mimi ningeangalia mambo mengine: baadhi ya hadithi za Marekani za miaka ya 1930 zina damu nyingi, na zinawatazama watu weusi kwa jicho bovu. Zisome kwanza, kisha mzungumze.

Sisi Waswahili tunaye shujaa wa hivyo? (Mwanafunzi, Malindi)

Hata mbali hujaenda! Soma utendi wa Fumo Liyongo alioandika Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Mfalme wa Pate, kisiwa jirani na Lamu, anamtaka afe. Watu wanapangwa wapande mkoma, mti wa jamii ya mnazi, kwa zamu kuangua makoma, ili zamu ya Liyongo ikifika wamchome mishale akiwa juu. Zamu inafika. Liyongo hapandi, anavuta upinde na kuyaangusha makoma kwa mishale akiwa chini.

Baadaye wanamtia gerezani. Mama yake analeta chakula, walinzi wanakula kizuri chote. Liyongo anatunga wimbo na kumwimbia kijakazi Saada palepale mbele ya walinzi: mama aoke mkate wa wishwa, yaani pumba, ndani aweke tupa. Mkate wa wishwa mlinzi gani ataugusa? Anaulizwa anataka nini kabla ya kuuawa, anasema anataka ngoma ya gungu. Ngoma inarindima, watu wanacheza, na chini ya kelele hizo tupa inasugua minyororo.

Umeona? Hakuna pigo hata moja la upanga. Amejiokoa kwa shairi. Ndicho ninachokifuata mimi katika vitabu hivi vyote: upanga unang'aa jaladani, lakini ulimi na akili ndivyo vinavyomtoa mtu shimoni.

Mwisho wake ni mchungu. Mwanawe, aliyeahidiwa binti wa mfalme, anamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba. Liyongo anapiga goti karibu na kisima, mshale upindeni, anafia hapo. Mji mzima unakosa maji kwa kuogopa maiti.

Wanawake wako wapi? Na Waafrika? (Msomaji wa kike, Kisumu)

Wapo, ila ilibidi wapige hodi. Mwaka 1934 C. L. Moore, mwanamke aliyeficha jina lake kwa herufi mbili, alimwandika Jirel, mtawala wa ngome katika Ufaransa ya kale. Adui aliyemteka anaamuru mateka wake avuliwe kofia ya chuma, kisha anaduwaa. Mwaka 1981 Charles Saunders, Mmarekani mweusi aliyehamia Kanada, alitoa riwaya ya Imaro, mpiganaji katika bara la kubuni. Bara hilo linaitwa Nyumbani, kwa Kiswahili hikihiki. Nilipolikuta jina hilo katika kitabu cha Kiingereza nilicheka peke yangu kama mwehu.

Naandika riwaya yangu. Pigano la panga lina kurasa nane na limepooza. Nifanyeje? (Kijana, Kigoma)

Punguza ziwe mbili. Waweke mahali pabaya: ngazi zenye utelezi, mtumbwi unaovuja, jiko la mama ntilie. Mpe kila mmoja kitu anachotaka mbali na kumuua mwenzake, na mmoja wao awe anaongea. Ukimaliza nitumie hizo kurasa mbili tu, zile nane kaa nazo.