Mpiga timpani, zile ngoma kubwa za okestra zinazotoa noti, anaweza pia kuwa mtunzi wa muziki?

Anaweza kabisa, tena kiti chake kinamsaidia. Mtazame William Kraft wa Marekani: aliingia okestra ya Los Angeles Philharmonic mwaka 1955, akawa mpiga timpani mkuu 1962 hadi 1981, kisha okestra hiyohiyo ikamfanya mtunzi wake mkaazi. Mpiga timpani huhesabu mapumziko marefu huku okestra nzima ikilia mbele yake. Wakati huohuo anainamia ngoma, anagusa ngozi kwa kidole, anasogeza pedali kutafuta noti inayofuata wakati wenzake wako kwenye noti nyingine kabisa. Sikio lililozoeshwa hivyo ni hazina kwa mtunzi. Kinachobana ni muda. Koncheto ya kwanza ya timpani ya Kraft (kazi ambamo timpani huongoza na okestra husindikiza), ya 1983, ilikuja baada ya kuachia kiti hicho.