Madogo, Norton siyo Cabernet: sikilizeni kabla hamjagusa tangi

Aisee kila msimu wa mavuno ni yaleyale. Dogo kaja juzi, kasoma mambo ya waini za Bordeaux, Ufaransa, mpaka yamemtoka masikioni, kakabidhiwa tangi la waini ya Norton, zabibu ya Kimarekani, na anachukua utaratibu wa Cabernet, zabibu ya Kifaransa, anaubandika palepale kama ulivyo. Mwingine kaonja Concord, zabibu nyingine ya Kimarekani, kakunja uso anauliza hii ni waini au juisi. Nawapenda jamani, ila mnanichosha, kwa hiyo naandika hapa mara moja ili nisirudie kwa kila mmoja.

1. Dharau iacheni getini. Norton ilipandwa Richmond, Virginia, tangu miaka ya 1820 na daktari mwenye jina hilohilo, na tangu 2003 ndiyo zabibu rasmi ya jimbo la Missouri. Concord ni kazi ya Ephraim Bull, 1849, kule Concord, Massachusetts. Na kabla hujaanza kusifia Ulaya, kumbuka filoksera, kale kadudu kanakokula mizizi, ilivyoifagia mizabibu ya Ufaransa kuanzia miaka ya 1860, mpaka leo sehemu kubwa ya hiyo mizabibu unayoiabudu imepandikizwa juu ya mizizi yenye asili ya Marekani. Ni kweli filoksera yenyewe nayo ilitoka hukohuko Marekani, hilo tusiliseme kwa sauti.

2. TA (jumla ya asidi) na pH (ukali wa asidi, namba ikipanda ukali unashuka), pima vyote viwili. Hapa nitakaa kidogo maana hapa ndipo nilipoumbuka.

Nilikuwa mgeni kama nyie, bosi kasafiri, kaniachia Norton iliyomaliza kuchachuka, kaniambia iangalie tu. Neno "tu" sikulisikia. Nikapima TA ikaja juu, nikaonja, ulimi ukajikunja. Nikajiambia hii dawa yake ni baikaboneti ya potasiamu, karibu gramu moja kwa lita inakushushia gramu moja ya asidi, hesabu ya darasa la nne. Mita ya pH ilikuwa pale mezani, elektrodi imekauka maana mtu (mimi) hakuirudisha kwenye maji yake, nikaona kuisafisha ni kupoteza muda na TA si ninayo. Nikapima unga, nikauyeyusha, nikamimina. Ikatoa povu mpaka kwenye kifuniko na mimi nasimama pale natabasamu. Nikaonja baadaye, laini kabisa, nikaanza kuwaza bosi akirudi atanipandisha cheo.

Shida ya Norton ni kwamba inaweza kuja na TA ya juu na pH ya juu kwa pamoja, kwa sababu imejaa asidi ya maliki na potasiamu nyingi. Baikaboneti yenyewe inaiondoa asidi ya tartariki, inazama chini kama fuwele, ile maliki inabaki imekaa, na pH inapanda. Ya kwangu ilikuwa karibu na 3.8 kabla sijaigusa. Nikaisukuma juu ya 4 kwa mikono yangu mwenyewe. Sasa kwa pH ya 3.2 salfa huru (ile dawa ya kuzuia waini isiharibike) ya miligramu 21 hivi kwa lita inakulinda vizuri, ila kwa pH 4.0 kupata ulinzi uleule unahitaji kama 125, na mimi niliweka kipimo kilekile cha siku zote nikafunga mlango nikaenda kulala.

Rangi ndiyo ilianza kusema, ule wekundu ukageuka zambarau ya kibuluu iliyofifia. Halafu ikaja ladha ya panya. Kama hujawahi kukutana nayo, kwenye glasi hainuki kitu, unameza vizuri, unaanza hata kusifia, sekunde chache baadaye nyuma ya ulimi inakuja harufu ya banda la panya na haiondoki. Bosi aliporudi hakufoka. Alinimiminia glasi, akaniambia kunywa, halafu akakaa ananiangalia usoni akisubiri ifike. Ikafika. Tangi zima likamwagwa na mpira wa kumwagia niliushika mimi.

Ilivyotakiwa: unaongeza tartariki mapema kushusha pH, ndiyo, unaongeza asidi kwenye kitu kichachu, usinibishie, halafu unaacha bakteria wa malolaktiki waigeuze maliki kuwa laktiki, TA inashuka yenyewe. Kisha unaipoza, na uhakikishe pH iko chini ya 3.65 hivi kabla ya kupoza, maana hapo fuwele zikianguka pH inashuka nazo, ukiwa juu ya hapo inapanda zaidi.

3. Tanini, ule unga wa kuipa waini ukakasi, usimwage mapema. Zabibu chotara nyingi, za Kimarekani na Kizungu zilizochanganywa, zina protini nyingi inayoikamata tanini na kuzama nayo, kwa hiyo ule mfuko wa bei mbaya unaishia kwenye mashapo. Subiri waini itulie.

4. Concord na ndugu zake weka kimeng'enya cha kuvunja pektini, ule utelezi wa tunda, kabla ya kukamua. Asiyeweka atakesha na presi.

5. Ile harufu ya labruska (jamii ya zabibu za Kimarekani kama Concord) mnayoilalamikia ni methili anthranilati, na inaongezeka zabibu zinavyozidi kuiva. Hutaki, vuna mapema. Unataka, acha ziive, ila usije kuniambia eti ni kasoro ya waini. Kuna wazee wanakuja kuonja wanaitafuta hiyohiyo, ukiwaletea Chardonnay wanakuangalia kama umewatukana, na mimi siku hizi niko upande wao.

6. Marquette, hii zabibu ya Chuo Kikuu cha Minnesota ya 2006, ni mjukuu wa Pinot noir na inavumilia baridi ya kutisha, ila sukari itakudanganya: Brix, kipimo cha sukari, inakwambia imeiva wakati asidi bado iko juu. Onja punje za zabibu shambani, tafuna na mbegu. Hamira ya 71B inakula sehemu ya maliki, itumie.

7. Mita ya pH ikague kila asubuhi kwa bafa (maji ya kusahihishia mita) ya pH 4 na ya 7, elektrodi irudi kwenye maji yake ya kuhifadhia. Siyo maji ya bomba. Bafa ziko droo ya chini, ile ya 7 imebaki kidogo, atakayeimaliza aandike ubaoni.