Glock 19 kugoma ikifungwa kiwambo cha sauti

Habari ndugu. Umesema bastola yako ya Glock 19, hapo Texas, inapiga moja kisha inagoma kujipakia tangu ufunge kiwambo cha sauti (kifaa cha kupunguza mlio). Usiguse springi kwanza. Toa magazini, hakikisha chemba ni tupu, kisha angalia kama kiwambo kina busta, yaani kifaa chenye springi kinachouacha mtutu ucheze. Mtutu wa Glock huinama kidogo kila inapopiga. Uzito wa kiwambo ukiung'ang'ania bila busta, slaidi (sehemu ya juu inayorudi nyuma) hairudi vizuri. Mimi nilihangaika wiki mbili, kumbe nimefunga adapta ya bunduki ndefu, isiyo na busta!

Halafu nyuzi za kufungia kiwambo: mtutu wenye nyuzi wa kiwanda cha Glock huwa 13.5x1 (milimita) za kushoto, mingi ya Marekani ni 1/2x28 (inchi). Zisipolingana usilazimishe. Risasi nyingi za greni 147 (uzito wa kichwa cha risasi) hazivuki kasi ya sauti, ila masikio bado yafunike. Vilengeo virefu, vya kuona juu ya kiwambo, baadaye.