Ukitaka Lori la Kimarekani Ulaya, Anzia Kaunta ya Spea

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Tanga, dereva wa malori Antwerp, Ubelgiji, ameniandikia: "Shikamoo mzee wangu. Nimechoka kuendesha mali ya tajiri. Kuna Kenworth K100 ya mwaka 1984 inauzwa Uholanzi, imetunzwa vizuri sana, na akiba ninayo. Nichukue nipigie kazi?" Akaambatanisha picha: taa za juu ya kebini, kitanda, usukani mkubwa, bomba mbili za ekzosi zinazong'aa. Ya kibao cha injini, kile chenye jina la aliyeiunda na namba yake, hakuweka hata moja.

Marahaba, mwanangu. Nilianza kukujibu kwenye simu, jibu likawa refu, nikaona bora niliweke hapa. Najua wengi mnaonisoma mnaota jambo hilo hilo: kichwa chako mwenyewe, jina lako mlangoni, mzigo unautafuta mwenyewe. Dereva gani asiyeitaka hiyo? Ushauri wangu ni mmoja na nitaurudia mpaka mnichoke: kabla hujalipenda lori, mjue atakayekuuzia spea.

Nasema haya kwa sababu malori hayo nimeyafungua na kuyafunga kwa mikono yangu. Katikati ya miaka ya 1970 niliacha ubaharia Rotterdam, nikapata kibarua cha kufagia gereji ya wakala wa malori ya Kimarekani. Jina lake sitalitaja, wala la chapa aliyouza. Kutoka ufagio nikapewa taa ya kumulikia fundi, kutoka taa nikapewa spana, na spana ndiyo iliyonijengea heshima pale.

Malori yale yalifungwa kwa nati za inchi. Mafundi wenzangu walikulia kwenye milimita. Nati ya 9/16 ukiijia na spana ya 14 haiingii. Ukichukua ya 15 inacheza, ukilazimisha inakula pembe zote sita, nati inabaki duara, na hapo kazi ya dakika mbili imekuwa ya patasi na nyundo mpaka saa ya chakula. Ya 3/4 inakubali spana ya 19, basi fundi mgeni anadhani zote zitakubali. Mimi inchi nilizizoea kwenye vyumba vya injini vya meli za Waingereza. Nikipitisha kidole juu ya nati nilikuwa naitaja saizi yake kabla sijafungua boksi la vifaa. Haukupita muda, lori likigoma ilikuwa: "Muiteni yule baharia." Nilijivunia sana, na mpaka leo najivunia.

Wengi wanadhani Ulaya iliyajua malori ya Marekani kupitia sinema. Yalikuja na vita. Baada ya 1945 jeshi liliacha magari mengi, na wasafirishaji wakayachukua. Ufaransa malori ya GMC ya kijeshi yalifanya kazi za kiraia miaka na miaka. Kule Newport, Wales, kampuni ya Wynns ilichukua malori ya Diamond T na Pacific zilizokuwa zikivuta vifaru, ikazitia kazini kuvuta transfoma na boila. Pacific zile ziliundwa na Pacific Car and Foundry, kampuni ambayo leo ni PACCAR, mwenye Kenworth, Peterbilt, na tangu 1996 DAF ya Uholanzi pia. Wapenzi wa DAF wanaoyadharau malori ya Kimarekani huwa nawakumbusha hilo.

Lakini enzi yangu ilikuwa ya mzigo wa Uarabuni na Uajemi. Bei ya mafuta ilipopanda 1973, fedha zikamiminika kule, bandari zikajaa meli zinazosubiri kushusha, na malori yakaanza kutoka Uingereza na Uholanzi kwa barabara, kupita Yugoslavia na Uturuki, mpaka Tehran na Riyadh. Dereva anayelala ndani ya lori wiki kadhaa anataka kitanda cha kweli na injini isiyochoka mlimani. Mmarekani alikuwa navyo. Mack walikuwa na injini ya Maxidyne, iliyoshika nguvu karibu ile ile hata mizunguko ikishuka, kiasi kwamba gia boksi ya gia tano iliitosha. Kampuni ya White ilileta lori la Road Commander. Ford wakaanza mwaka 1975 kuunda Transcontinental pale Amsterdam: kebini ya Berliet ya Ufaransa, injini ya Cummins ya lita 14, gia boksi ya Fuller, ekseli za Rockwell. Lilikuwa zito na refu kwenda juu, na ukikaa kwenye usukani wake madereva wengine uliwaona utosini.

Fuller ile haikuwa na sinkro, kile kifaa kinacholinganisha mizunguko ya gia kabla hazijashikana. Mgeni alikanyaga klachi mara mbili na bado gia zikapiga kelele mpaka barabara nzima ikamjua. Aliyekwisha kuielewa alisikiliza injini tu: mizunguko ikifika panapotakiwa, gia inaingia kwa vidole viwili, klachi hajaigusa. Nilifundisha madereva wengi pale nje ya gereji, na aliyejua hakutaka tena kingine.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu walipolia.

Mwaka 1980 White walifilisika, mwaka uliofuata Volvo wakawanunua. Mwaka huo huo wa 1981 Daimler-Benz wa Ujerumani wakachukua Freightliner, chapa nyingine ya Kimarekani. Renault waliingia ndani ya Mack tangu 1979, na kufikia 1990 Mack yote ikawa yao. Kiwanda cha Ford Amsterdam kilifungwa 1981. Transcontinental za mwisho ziliundwa Uingereza, kwenye kiwanda cha Foden pale Sandbach. International Harvester wa Marekani, walionunua theluthi ya DAF mwaka 1972 na Seddon Atkinson ya Uingereza yote mwaka 1974, nao wakauza na kuondoka. Katika miaka kama kumi hivi, karibu kila kibao cha wakala wa Kimarekani Ulaya kiliguswa. Dereva yuko Ankara anabadilisha tairi, hajui kwamba kikao cha wenye mali ng'ambo ya Atlantiki kimemwacha yatima.

Gereji yetu nayo ilifikiwa. Nilikuwa na rafiki, Mturuki mwenye lori moja, alilolinunua kwetu na mimi ndiye niliyelihudumia tangu jipya. Pampu ya maji ikaharibika. Ilikuwa pampu ya chapa ile peke yake, hakuna mwingine anayeitengeneza. Akaambiwa aje wiki ijayo. Akaja, akaambiwa iko njiani. Akaja tena. Bosi alikuwa ameshasaini na chapa nyingine, spea zote za zamani ameziuza kwa jumla kwa mtu wa vyuma chakavu, na sisi mafundi hatukuambiwa neno. Mturuki alipoteza mkataba wake wa mzigo, lori likavutwa kwenda kukatwa. Tangu siku hiyo hakunisalimu tena, akiamini nilijua nikamficha. Sikujua. Baadaye kidogo nami nikaitwa ofisini, nikaambiwa chapa mpya ina mafundi wake waliosomea, asante kwa kazi. Bosi yule nimekutana naye baadaye mitaani akaninyooshea mkono. Sikuupokea, na kama angekuwa hai leo nisingeupokea.

Kwa hiyo ninapokwambia mjue wakala, simaanishi uangalie kama ana ofisi nzuri na kahawa. Nenda kaunta ya spea. Simama pale asubuhi uone watu wanatoka na vitu au wanatoka na ahadi. Muulize aliye kaunta, usimuulize muuzaji. Muuzaji kazi yake ni kuuza. Aliye kaunta anajua rafu gani tupu.

Wakala wa kweli wamekuwepo pia. Floor wa Uholanzi walikuwa waagizaji wa Mack. Walipoona lori kama linavyotoka Marekani halitoshelezi mizigo na sheria za nchi yao, waliingia kazini wakaunda lao kuanzia 1966, FTF, mwanzoni kwa vifaa vya Mack, baadaye kwa injini za Detroit Diesel, kwenye kiwanda chao cha Wijchen, na wakaendelea mpaka katikati ya miaka ya 1990. Waliuza machache, lakini mwenye FTF alijua mlango wa kugonga. Zile Detroit zilikuwa injini za mizunguko miwili, zina bloa ya kusukuma hewa ndani ya silinda, na zikipita usiku mtaa mzima unaamka. Zilivuja mafuta, ni kweli. Nilizipenda hata hivyo.

Na kuna jambo ambalo vijana hamlitazami kabisa: nani ametengeneza moyo wa lori. Mack alijitengenezea karibu kila kitu, injini, gia boksi, ekseli. Ni ufundi mkubwa, lakini wakala wake akifunga, umefungiwa nawe. Transcontinental ilikuwa kinyume chake. Ford walipoiacha, Cummins hawakwenda popote. Walikuwa na viwanda Shotts, Scotland, na Darlington, na injini hizo hizo za lita 14 zilikuwa ndani ya malori ya Kiingereza ya ERF, Foden na Seddon Atkinson. Fuller vile vile. Mwenye Transcontinental alihangaika kutafuta kioo cha mbele na mlango, lakini klachi na gasketi alizipata kwa fundi yeyote wa malori ya Kiingereza. Wakati huo jina la Ford mbele lilikuwa limekufa na lori linaingiza pesa. Ndiyo maana nauliza kibao cha injini kabla ya kutazama rangi.

Nirudi kwenye K100 yako. Kwanza, ni kebini iliyokaa juu ya injini, na hilo limekuokoa na tatizo moja. Lori la pua ndefu linakula urefu: Ulaya kwa kawaida kichwa na tela pamoja haviruhusiwi kuzidi mita 16.5, kwa hiyo kila sentimita ya boneti ni nafasi ya mzigo uliyoitupa. Marekani nao walikuwa na sheria za urefu, ndiyo maana kebini za namna hiyo zilitapakaa kwao. Mwaka 1982 sheria yao iliacha kupima urefu wa jumla, wenye malori wakarudi kwenye pua, na kebini bapa zikaanza kupotea. Maana yake kwako: vioo, milango na paneli za K100 zinazidi kuwa adimu huko zilikotoka. Australia bado wanaunda Kenworth za kebini juu ya injini, kiwanda kiko Bayswater, Melbourne, na wapo wanaoagiza vitu kutoka kule, lakini uliza kwanza kama kinachopatikana kinaingia kwenye lori la mwaka wako.

Pili, umeme. Lori la Kimarekani ni volti 12, tela la Ulaya ni 24. Taa za tela zitawaka hafifu, na tela za siku hizi zenye breki za kielektroniki zinahitaji volti 24 zifanye kazi. Muuzaji akikwambia "tumesharekebisha", fungua boksi la betri uone mwenyewe waya zimefungwaje. Nimeona kazi za hovyo humo ndani zilizounguza lori zima. Na taa za indiketa za nyuma: kwao nyekundu inaruhusiwa, Ulaya zinatakiwa za rangi ya machungwa.

Tatu, na hili litakuuma. Ubelgiji tangu 2016 malori yanalipa kwa kilomita, na injini chafu zaidi hulipa zaidi. Mji wako wa Antwerp una eneo la hewa safi tangu 2017. Injini ya 1984, uliza kwanza kila uendako kama inaruhusiwa. Kazi ya kontena za kila siku kutoka bandarini haitailipa. Kwa maonyesho, kwa mzigo maalum wa mara moja moja, kwa kampuni inayotaka jina lake lionekane, hapo nakubali, na ukiwa tayari una lori jingine linalokulisha.

Najua mtu akishalipenda lori hasikii. Nami nilikuwa kijana. Lakini mnaniandikia mkitaka baraka, na mimi baraka za bure sitoi. Akiba ya dereva ni usingizi wake aliouuza. Usimpe mtu anayekutajia krome kabla ya kukutajia spea.

Fanya hivi wiki hii. Mwambie muuzaji akupe namba ya chasisi na picha ya kibao cha injini. Ikiwa ni Cummins, mpigie wakala wa Cummins hapo Ubelgiji, mpe namba ya injini, mwombe bei na siku ya kufika ya gasketi ya hedi, pampu ya maji na noseli. Ikiwa ni Caterpillar au Detroit, fanya hivyo hivyo kwa wakala wao. Kisha tafuta bei ya klachi, ngoma za breki na kioo cha mbele. Majibu yaje kwa maandishi. Yakija ndani ya siku mbili tatu, nenda katazame lori, na fundi anayejua inchi uende naye. Yasipokuja, hiyo ndiyo huduma utakayoipata siku umekwama barabarani na mzigo wa watu. Ukinunua, theluthi ya akiba isiguswe, ni ya spea, na klachi uinunue siku ile ile unayolipia lori, ikae kwenye boksi lake nyuma ya kiti.