Muulize Fundi: Mashine ya msasa yaniunguzia mbao

SWALI: Fundi, asalaam aleikum. Niko Langoni huku Lamu, nimenunua mashine ya msasa ya dramu (silinda inayozunguka iliyovishwa msasa), mtumba, ile unalisha ubao huku unatokea kule. Shida ni kwamba mbao zatoka nene upande mmoja na zina mstari mweusi kama zimepigwa pasi ya moto. Natengeneza meza kwa mbao za jahazi kuukuu. Nifanyeje?

JIBU: Waaleikum salaam seremala mwenzangu. Unene kwanza. Hapo dramu na meza haziko sambamba, mashine ya mtumba ikishabebwa kwa boti na punda lazima kitu kihame. Chomoa plagi, toa msasa, chukua vipande viwili vya mbao vya unene mmoja, kimoja kiweke kushoto kingine kulia chini ya dramu, afu shusha taratibu huku waizungusha dramu kwa mkono, ikigusa upande mmoja kabla ya mwingine ndio umepata ugonjwa, legeza skrubu za upande huo urekebishe. Rudisha msasa, pitisha vijiti viwili pamoja, kimoja kila ukingo, upime kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene. Huna kalipa? Vilaze pamoja ncha kwa ncha upitishe ukucha, utausikia utofauti.

Mstari mweusi mara nyingi ni msasa wenyewe: umelegea ukapandana, ama utomvu umeganda mahali pamoja. Ufunge upya ukaze, na usafishe kwa ule mche wa mpira wa kusafishia msasa. Halafu wenzetu wengi twaitumia hii mashine kama randa, mtu anataka kula milimita 2 kwa mpigo! Hapana bana, nusu milimita ni nyingi tayari, kwa mbambakofi punguza zaidi, maana mti mgumu ukilazimishwa waungua. Anza na msasa namba 80 wenye chembe nene, malizia 120 ulio laini zaidi. Na ubao ulishe mshazari kidogo, sio kila mara katikati, msasa utaisha sawasawa.

Sasa hizo mbao za jahazi ndizo zanitia wasiwasi. Zina misumari iliyokatika ndani, juu huioni, msasa ukiigonga yatoka cheche na cheche zafyonzwa mpaka kwenye mfuko wa vumbi, na vumbi la mbao ni kuni tayari. Moto waweza kufuka humo pole pole hata wewe umeshafunga karakana umeenda zako kuswali Isha. Kwa hio pitisha sumaku kila ubao, ng'oa misumari, sugua mchanga kwa brashi ya waya, na mfuko uumwage kila jioni, nje. Bila mashine ya kufyonza vumbi usiwashe kabisa, na barakoa uvae vilevile, manake vumbi la mbao lajulikana kuleta saratani ya pua.

Ubao ukiwa ndani usisimame nyuma yake, kaa ubavuni, waweza kurudishwa kwa nguvu ukakupiga tumbo. Vipande vifupi kuliko nafasi iliyoko kati ya rola mbili zinazokandamiza ubao usivilishe, na ukikwama zima kwanza, usipeleke mkono.

Na kikoi, seremala, ukifunge vizuri ama uvae suruali. Changu kilishikwa ncha na mkanda wa kulishia, nikakifikia kitufe cha kuzima nikiwa na kaptula tu, na vijana wa karakana mpaka leo wanikumbusha.